Ulipwe bila kuona haya: vidokezo kwa fundi wa programu

Unakaa Mtoni, mteja wako ana hoteli Nungwi, na shemeji yake umesoma naye skuli. Basi andikianeni mkataba. Mtu unayefahamiana naye kumdai ni kazi, na karatasi iliyosainiwa hukudaia.

1. Andika kazi kwa vitu vinavyoonekana. "Mfumo wa hoteli" haujatosha. Andika: mgeni achague chumba, alipe, apate uthibitisho kwa baruapepe. Mteja akishajaribu kwenye simu yake na kukubali, awamu hiyo imekwisha na malipo yake yameiva.

2. Pokea kishika uchumba kabla hujaanza. Mimi napenda theluthi.

3. Tazama msimu. Masika, Aprili na Mei, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga. Huo ndio wakati wenye hoteli wanapata nafasi ya kukarabati, pamoja na mifumo yao, na ndio wakati mfuko ni mkavu. Kazi ya masika ilipiwe sehemu kubwa mwanzoni, la sivyo utazungushwa mpaka Julai.

4. Mteja wa ndani mwandikie shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Aliye Muscat mwandikie dola, na mkataba useme nani anabeba makato ya benki.

5. Saa nne usiku inaingia sauti ya WhatsApp: "Mwanangu, ongeza na sehemu ya boti za Mnemba." Usinyamaze, wala usianze. Mjibu kwa maandishi: "Nimekusikia mzee wangu. Hiyo ni kazi mpya, siku nne, laki sita. Ukiridhia naanza Jumatatu." Wengi huridhia. Wanaogoma wamekuokolea siku nne.

6. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja tangu mwanzo. Msimbo ukabidhiwe malipo ya mwisho yakiingia, na hilo liandikwe. Kumzimia mtu mfumo huku wageni wamejaa mapokezi sikubaliani nako hata kama anadaiwa: anayeumia ni kijana wa zamu.

7. Ankara itoke siku ileile ya kukabidhi, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kampuni ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada yako, dai cheti chake hapohapo. TRA hukihesabu kuwa kodi uliyokwisha kulipa, na kukitafuta mwakani, mhasibu keshahama, ni taabu tupu.