Mafunzo Sita Niliyopata Nikitafuta Jahazi la Bahari Kuu

Jahazi langu la kwanza nililinunua kwa macho. Lilikuwa na rangi mpya ya kijani na tanga jeupe, nami nikamlipa mwenyewe pale Tanga bila hata kushuka ngamani. Mwezi wa saba, katikati ya kusi, tulishusha shehena Wete tukarudi watupu. Usiku kucha tulifua maji kwa ndoo. Mkondo ukatusukuma kaskazini, na kulipokucha tulijikuta mbele ya Moa, si Tanga. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Nilipotafuta jahazi la pili nilifuatana na fundi mzee wa kuunda vyombo, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Taja safari kwanza, chombo baadaye. Ngalawa inafaa ndani ya miamba, ambako hali ikichafuka unatia nanga ukangoja. Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi. Hakuna amari itakayofika chini. Chombo cha kuvukia pale lazima kiweze kuvumilia kitakachokikuta, maana hakina pa kukimbilia.

2. Litazame likiwa limepwelewa. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupwa hata mita tatu na zaidi, jahazi likabaki mchangani wazi mpaka mkukuni. Fundi alikuwa akichokora mbao kwa ncha ya kisu, moja baada ya moja. Kwenye jahazi moja zuri sana kisu kilizama chenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, hapa kinachozuia maji ni rangi tu." Tukaondoka.

3. Kagua mataruma. Ubao wa mvule ukioza hubadilishwa peke yake, lakini mataruma yakivunjika ubavu mzima hulegea. Taruma la kuaminika limetoka kwenye tawi lililopinda lenyewe, nyuzi za mti zikifuata pindo. Lililochongwa kwenye mti ulionyooka nyuzi zake zimekatwa, na litapasuka pale pale penye pindo, siku ya mawimbi.

4. Uliza linavyokwenda likiwa tupu. Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Tulitoka Wete bila farumi; jahazi likayumba usiku kucha, mbao zikasuguana mpaka kalafati ikachomoka. Sasa, kabla ya kuzungumza bei, natazama mahali pa kupanga mawe au mifuko ya mchanga, na jinsi itakavyofungwa isihame. Kisha naomba tutweke tanga, tutoke nje kidogo na tubishe upepo. Jahazi lenye mkuku mrefu hushika njia. Lile linaloteleza upande bandarini, huko nje litakupeleka linakotaka.

5. Hesabu watu kabla ya kupima urefu. Nilitamani jahazi kubwa nikidhani ukubwa ndio usalama. Lakini mimi nilikuwa na mabaharia wanne, na foromali ya jahazi lile ilitaka watu wanane. Tanga letu halipunguzwi kirahisi; upepo ukizidi hutuliwa, likatwekwa dogo mahali pake. Kwa hiyo ulizia tanga la pili, halafu waombe mabaharia wako walitue lile kubwa na kulitweka dogo mbele ya macho yako. Wakishindwa mchana, kukiwa shwari, usiku wa mawimbi hawataweza.

6. Ijue ngama yake. Kila chombo cha mbao huingiza maji. Swali ni kiasi gani. Kabla ya kulipia jahazi la pili nililala ndani yake usiku mmoja bandarini. Magharibi nilikwangua alama kwenye taruma pale maji yalipofika, na alfajiri nikakuta yamepanda vidole viwili. Tangu hapo vidole viwili ndivyo kipimo chetu: yakizidi hapo, hatung'oi nanga mpaka tujue yanapoingilia.

Usiku ule wa kurudi kutoka Wete niliyaona maji mapema, kabla hayajafika magotini. Niliyatazama kwa muda mrefu, nisijue kama ndiyo kawaida ya jahazi langu. Muda huo ndio uliotutia hatarini. Ningekuwa nimelala ndani yake usiku mmoja tu kabla ya kulinunua, ningeamuru turudi bandarini wakati taa za Wete bado zinaonekana.