Kumsomea Mdogo Wako

Katika nyumba nyingi za Handeni mtoto husikia kwanza Kizigula, na upande wa Korogwe, Kisambaa au Kizigula. Akiingia shule hukuta kitabu cha Kiswahili, chenye maneno asiyopata kuyasikia. Wewe ujuaye kusoma, mpakate mdogo wako jioni, ugali ukisongwa, umsomee kwa sauti, polepole. Neno asilolijua mweleze kwa lugha ya nyumbani, kisha ulirudie kwa Kiswahili. Akifunua ukurasa kabla hujamaliza, usimgombeze. Ndivyo ajifunzavyo kitabu ni kitu gani. Akitaka hadithi ile ile ya sungura mara ya kumi, msomee. (Utachoka wewe, yeye hachoki.) Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, watu walilisoma vivyo hivyo: mmoja akisoma, wengine wakisikiliza. Basi mama naye yupo jikoni, anasikia. Huenda yeye ndiye atakayeuliza sungura aliponaje.