Mfupa Mmoja Wamfichua Moa

Mwaka 1839 Richard Owen, bingwa wa maumbile ya wanyama mjini London, aliletewa kipande cha mfupa kutoka New Zealand. Urefu wake ulikuwa sentimita 15 hivi, na ncha zote mbili zilikuwa zimevunjika. Mwanzoni alikidhania kuwa mfupa wa ng'ombe, kama ule upikiwao supu.

Hata hivyo alikilinganisha na mifupa ya wanyama wengi. Ndani yake mlikuwa na wavu wa vijitundu, mfano wa sega la nyuki, usiofanana na uwazi wa uboho wa ng'ombe. Huo ulikuwa mfupa wa paja wa ndege. Nao kwa unene na uzito wake haukumfaa ndege arukaye. Owen akatamka kwamba New Zealand iliwahi kuwa na ndege mkubwa wa nchi kavu, akaribiaye mbuni kwa kimo. Wenzake walisita hata kuichapisha taarifa hiyo, na si ajabu, kwani heshima yake yote ilitegemea kipande kimoja.

Mwaka 1843 yaliwasili masanduku ya mifupa mingine, akathibitika. Akampa ndege huyo jina la Dinornis; Wamaori humwita moa.

Mifupa, hata hivyo, haisemi yote. Mwaka 2003 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba moa wakubwa na wadogo, waliodhaniwa kuwa wa spishi mbalimbali, walikuwa majike na madume ya spishi ile ile. Majike ndiyo yaliyokuwa makubwa.