Mwali wa Njano Jikoni Unaweza Kukuumiza Kichwa

Msomaji, usiku wa leo jiko la gesi litakapowashwa nyumbani kwako, tazama rangi ya mwali kabla ya sufuria kuwekwa. Mwali mzima ni wa buluu, umesimama imara na hauna kelele. Ukiwa wa njano, unayumbayumba na kupaka masizi sufuria zako, jiko hilo ni gonjwa, na likiachwa hivyo wenye nyumba nao huweza kuugua.

Gesi ya mtungi hutoka kwa nguvu katika tundu dogo mno, na njiani huvuta hewa na kuchanganyika nayo kabla ya kufika kwenye vitundu vya kichwa cha jiko. Hewa ikipungua, gesi haiungui yote. Sehemu yake hugeuka masizi, na sehemu nyingine hugeuka kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu mbaya unayoijua hutiwa kwenye gesi ya mtungi makusudi ili ikivuja ujue. Kaboni monoksaidi haina mwenye kuitia harufu, kwa hiyo pua haitakusaidia.

Sumu hii ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini mzigo iliobeba si ule unaohitajiwa na ubongo na moyo.

Hapa kisiwani, hasa Mji wa Kale, jambo hili lina uzito wake. Nyumba zimebanana, vijia ni vyembamba, na jikoni mara nyingi mna dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kusi ikivuma na mvua ikianza, dirisha hilo hufungwa. Mwezi wa Ramadhani alasiri utakuta vichwa vyote vya jiko vinawaka, na pembeni seredani ya makaa ya mishkaki imeingizwa ndani kukwepa mvua. Hilo la makaa nalikataza bila kusita, maana makaa hutoa sumu hii kwa wingi kuliko jiko la gesi hata lile bovu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Nani hapa Pwani asiyedhani ni malaria? Lakini angalia: mara nyingi hakuna homa, wanaougua ni wawili watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na wakitoka nje barazani hupata nafuu, wakirudi ndani maumivu hurudi. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mzee mwenye ugonjwa wa moyo huumia zaidi. Kumeza dawa ya maumivu na kurudi kulala chumba kile kile ni hatari.

Sasa tulitibu jiko. Sababu ya kawaida ya mwali wa njano ni uchafu: maziwa yaliyofurika, shira ya kaimati, na kutu iletwayo na upepo wa chumvi. Funga gesi, jiko lipoe, toa kichwa chake, ukisugue kwa maji moto na sabuni, uzibue vitundu vyake kwa sindano, kisha kikauke kabisa. Tazama pia njia ya hewa chini yake. Buibui na mende hupenda kukaa humo. Lakini lile tundu dogo linalotoa gesi usilichokonoe. Likipanuka gesi itazidi hewa na mwali utakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mwali unaoruka juu ya kichwa kwa mvumo, au ulio dhaifu kwenye vichwa vyote ilhali mtungi umejaa, mwachie fundi aangalie regyuleta.

Kama cheche zinalia lakini jiko haliwaki, huenda kile kipini cha cheche kina maji au mafuta. Kipanguse kikauke. Usiendelee kubonyeza huku gesi imefunguliwa. Baada ya sekunde chache funga, fungua madirisha, ngoja dakika kadhaa. Na unapotumia kibiriti, washa njiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Wengi hufanya kinyume, wakaungua nyusi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ikitafuta moto. Mkasa wa Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, ulionyesha gesi iliyotoroka inavyoweza kuteketeza mtaa. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa, si kuwasha si kuzima. Mpira na maungio pima kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kibiriti.

Mtu akizidiwa jikoni, mtoe kwenye hewa safi na umpeleke hospitali. Mweleze daktari habari za jiko, usingoje aulize. Kile kifaa kinachobana kidole kupima oksijeni hudanganyika na sumu hii na huonyesha namba nzuri. Kinachohitajika ni kipimo cha damu. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka mwilini kwa muda wa saa 4 hadi 5, lakini kwa oksijeni tupu ya barakoa muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi. Ndiyo sababu aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja, na mjamzito hata kama anajisikia vizuri, hawafai kubaki nyumbani wakipepewa.

Aliyeungua mwagilie maji baridi ya bomba kwa dakika 20, umvue pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, mayai na samli viacheni kabatini.