Kiroba cha Madodoso

Uvunguni mwa kitanda cha mama mwenyeji wangu hapa Idodi kuna kiroba cha madodoso. Panya wameshaanzia pembeni. Mwenye kiroba, mwanafunzi wa uzamivu, alikuja kiangazi kimoja kutafiti mgao wa maji kwenye mifereji ya mpunga, akahoji watu wiki tano, akaaga kuwa atavifuata vitu vyake. Siku hizi yuko kazini kwake mjini na habari za uzamivu hataki kuzisikia.

Anayeacha uzamivu hudhaniwa kazidiwa na masomo. Niliowaona mimi, na nusura niwe mmoja wao, waliachia hapo katikati: data ziko mkononi, sura hazijaandikwa, ada ya mwaka mpya inadaiwa, na mwajiri anauliza unarudi lini.

Basi anza kwa kupunguza mada. Kwa mada ya maji, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu 1993, na yaliyoandikwa kuuhusu yanatosha kujaza stoo. Mradi wa utafiti wa maji wa RIPARWIN peke yake, uliohusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kuanzia 2001, uliacha rundo la ripoti. Ukisema utaeleza bonde zima, umekwisha. Chukua mfereji mmoja: wa juu anafungulia saa ngapi, wa chini analala na jembe shambani akisubiri nini. Hiyo inatosha tasnifu, na unaweza kuimaliza.

Halafu soma kalenda ya wenyeji kabla ya ile ya chuo. Ukifika Februari utawakuta watu wako kwenye majaruba, matope magotini, na utajibiwa "kamwene", salamu ya Kihehe, kisha kimya. Mpunga ukishavunwa, kikao kinapatikana. Barua nazo zianze mapema, maana zinashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, kila mmoja na muhuri wake. Ukigusa wanyamapori, ongeza TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori.

Lililoniokoa mimi ni dogo. Kila jioni, kabla ya ugali, niliandika nusu ukurasa wa sentensi kamili: nani kasema nini, na mimi nadhani kwa nini. Niliporudi mjini sikukuta karatasi tupu. Kiroba hakiandiki sura.

Msimamizi ndiye anayekimbiwa zaidi. Unaona aibu kwa sababu sura haijakamilika, mwezi unapita, unaanza kukwepa korido yake. Mpelekee kurasa nane mbovu na swali moja: "Shikamoo Profesa, ukurasa wa tano nimekwama, hoja hii inasimama?" Swali moja hujibiwa, sura ya kurasa sitini hukaa mezani mpaka ijae vumbi. Akikaa kimya, kumbusha kwa maandishi na utunze nakala, maana siku ya kulalamika chuo kitataka tarehe.

Pesa ikikata, au ukiuguliwa nyumbani, usipotee tu. Omba kuahirisha masomo kwa barua. Aliyeahirisha ana mlango wa kurudia. Aliyetoweka hufutwa usajili. Na kama umeamua kuacha kabisa, acha, hakuna dhambi. Ila waage waliokupa saa zao, na uwarudishie hata karatasi moja ya ulichokiona.

Juzi mama aliniuliza, kwa upole tu, kama yale madodoso yanaweza kufungia maandazi. Kurasa za nyuma hazijaandikwa kitu.