SOMO LA AFYA: KUTAPIKA BAADA YA UPASUAJI WA UNENE



Siku hizi wako ndugu zetu wa Nairobi na ng'ambo wanaopunguzwa mfuko wa chakula tumboni ili unene uishe. Wengi hupona vizuri. Lakini mmoja akija nyumbani Sori na anatapika kila siku, tusikae tukingoja.

Shida ni nini? Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili, tatu hivi. Anayetapika mfululizo huimaliza, na ubongo ndio unaumia. Daktari Mjerumani, Carl Wernicke, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1881. Huwapata wachache, hata mama mjamzito anayetapika kupita kiasi.

Dalili ni hizi:
1. Macho kuchezacheza, au kuona kitu kimoja kama viwili.
2. Kuyumba akitembea.
3. Kuchanganyikiwa na kusahau.

Hata moja tu yatosha kushtuka. Msiseme amelewa au amerogwa.

Tufanye nini? Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mwelezeni daktari alipasuliwa lini na ametapika siku ngapi. Ulizeni kuhusu sindano ya B1 kabla ya dripu ya sukari, maana sukari peke yake yaweza kuzidisha ugonjwa. Maharagwe na njugu zina B1, lakini anayetapika hataponea chakula. Akicheleweshwa, kumbukumbu yaweza kupotea kabisa, au afe.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini watu humdhania mgonjwa huyu mlevi?
2. Usiku, nani atampeleka, na kwa pesa gani?