Skana Juu ya Paa la Malindi

Wanachuo wenzangu, safari hii sina malalamiko ya bumu kuchelewa wala ya sapu. Nataka tusome kidogo habari za mawimbi ya redio, halafu niwaeleze kosa nililolifanya Unguja likizo iliyopita. Sheria ya mawasiliano nilikuwa nimeisoma darasani kwa ajili ya mtihani. Kuielewa nimeielewa juu ya paa la nyumba ya mjomba, Malindi.

Tuanzie nyumbani. Mimi ni mtoto wa Mchombe. Kwa asiyepajua, ukitoka Ifakara unashika barabara ya kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto mpunga mpaka macho yachoke, huko chini mto Kilombero. Babu alikuwa na redio ya betri nne. Zikichoka anazianika juani, jioni zinampa tena nusu saa. Mchana redio ile ilikuwa inakoroma tu. Usiku ndiyo inaongea: tunapata Nairobi, tunapata Idhaa ya Kiswahili ya BBC, tunapata Ujerumani, na kuna siku Zanzibar walikuwa wanasikika kama wapo uani.

Yakifika matangazo ya vifo, hakuna wa kukohoa. Babu anasikiliza jina, kijiji, siku ya maziko, na nani ameleta tangazo. Asipopata vyote hivyo hasemi kitu. Jirani akiuliza, "Mzee, nasikia fulani katutoka?" anamjibu, "Mimi sijasikia vizuri. Tusubiri warudie." Enzi hizo nilimwona mzee mgumu tu.

Kwa nini usiku?

Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kama kilomita 60 kwenda juu, kuna ionosfea, yaani hewa iliyochajiwa umeme na mwanga wa jua. Mchana tabaka lake la chini linameza mawimbi ya kati na yale mafupi ya masafa ya chini. Jua likizama tabaka hilo linafifia, mawimbi yanapita, yanafika tabaka la juu na kurudishwa ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Ndiyo maana mlima haukumsumbua babu: sauti ilikuwa inamjia kutoka juu.

FM haiendi hivyo. Masafa yake ni makubwa mno, ionosfea kwa kawaida hairudishi, kwa hiyo yanasafiri karibu kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi. Udzungwa ina vilele vinavyozidi mita 2,500. Ukikaa chini yake, kituo kilicho upande wa pili umekikosa.

Umbali wa mawimbi ya namna hiyo unaweza kuukadiria mwenyewe. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya mwenzako, zidisha kwa 4.1. Jibu ni kilomita. Wewe ukiwa juu ya paa la mita 16, na boti ina antena ya mita 4, ni 4 jumlisha 2, mara 4.1: kama kilomita 25. Ndege iliyo mita 10,000 juu, kutoka paa hilo hilo, inazidi kilomita 420. Fomula hii inachukulia kwamba hakuna mlima katikati. Baharini mlima hakuna, na hapo ndipo tamaa yangu ilipoanzia.

Malindi

Mjomba wangu, kaka wa mama, ni fundi wa injini za boti Unguja, anaishi Malindi, karibu na bandari. Rafiki yangu wa hosteli aliniazima skana, redio ndogo ya mkononi inayopekua masafa moja baada ya jingine na kusimama palipo na sauti. Haina uwezo wa kurusha, kazi yake kusikia tu. Nikajiambia, kwa kuwa sirushi, sina kosa. Kumbuka sentensi hiyo, tutairudia.

Kimasomo, paa lile lilikuwa maabara. Vyombo vya baharini hutumia FM, na chaneli ya 16, masafa ya 156.8 MHz, ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada. Wakishaitana wanahamia chaneli nyingine kuongea shughuli zao, ili 16 ibaki wazi. Ndege hutumia AM, kati ya 118 na 137 MHz. Mwalimu alitufundisha tofauti hiyo na tukaikariri bila kuuliza sababu. Sababu ni hii: kwenye FM wawili wakisema kwa pamoja, mwenye nguvu anamfunika mnyonge kabisa, hujui hata kama alikuwepo. Kwenye AM wote wawili wanasikika, mara nyingi pamoja na mlio wa filimbi, na aliye kwenye mnara wa uwanja anajua kuna mwingine anayeita.

Siku ya tatu, magharibi, skana ikasimama kwenye 16. Sauti ya mwanamume, Kiswahili cha Unguja, ametulia: injini imezima, ana abiria, anaomba wa kumvuta. Mwingine akamjibu, wakahama chaneli, nikawapoteza. Jumla ya niliyosikia haizidi nusu dakika.

Nikatoa simu. Kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa mtaa, ambalo binamu yangu aliniunga nilipofika, nikaandika: "Boti imezimika baharini ina abiria, hali mbaya." Yule nahodha hakusema hali mbaya. Neno hilo ni langu. Nilitaka ujumbe uwe na uzito, na nilitaka wajue mgeni wa bara ana kifaa.

Haikufika nusu saa, ujumbe ukanirudia kutoka grupu jingine: boti ya kutoka Dar imezama.

Jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima, binti yake alikuwa ndani ya boti ya jioni kutoka Dar. Anapiga simu, haipatikani. Alitoka bila viatu, kanga moja kichwani nyingine mkononi, akakimbilia bandarini. Mimi na mjomba tukamfuata. Tulimkuta ameshika vyuma vya geti, halii, anataja tu jina la mwanawe. Walikuwepo na wengine. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, wewe umesikia nini?" Nikashindwa kumjibu.

Boti ya Dar ikaingia kama kawaida. Binti akashuka na begi lake, simu ilikuwa imeisha chaji. Iliyozimika ilikuwa boti ndogo ya watalii wakirudi kutoka kisiwa cha Changuu, jirani tu hapo, ikavutwa na kufika salama kabla hata uvumi wangu haujakomaa.

Mjomba hakunigombeza mbele za watu. Njiani ndiyo akasema, "Mpwa wangu, hapa watu wamezika." Sikuhitaji ufafanuzi. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba. MV Skagit ikazama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar, karibu na kisiwa cha Chumbe. Mamia walikufa. Unguja habari ya boti si ya kujaribia umaarufu. Akaongeza, "Ulichosikia kilikuwa na wenyewe. Wewe umekipa miguu."

Huku kwetu uvumi tunauita redio mbao. Mimi nilikuwa na redio ya kweli mkononi, nikaigeuza mbao kwa maneno mawili.

Sheria inasemaje

Sasa turudi kwenye ile sentensi: "sirushi, sina kosa." Ni uongo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kunasa mawasiliano ya watu bila idhini kuwa kosa, na vifaa vya redio viko chini ya usimamizi wa TCRA. Usidhani ukivuka maji umeikwepa: mawasiliano ni suala la Muungano. Kimataifa, kanuni za redio za ITU, ibara ya 17, zinazitaka nchi zizuie mambo mawili: kunasa bila idhini mawasiliano ambayo hayakukusudiwa umma, na kufichua yaliyomo, hata kutaja tu kwamba yalikuwepo. Hilo la pili nililipita haraka nikisomea mtihani. Lakini kilichomtoa yule mama nje bila viatu ni kutangaza kwangu. Kusikia peke yake kusingemfikia.

Sababu iko wazi ukikaa nayo. Nahodha anasema wazi kwa sababu anaamini anayesikiliza ana kazi ya kusikiliza: vyombo vingine, bandari, KMKM. Akijua kila neno lake litakuwa grupuni baada ya dakika tano, kesho atasita kuita mapema. Na kwenye bahari anayechelewa kuita ndiye anayezama.

Basi tusisikilize?

Tusikilize, tena sana, yaliyo ya umma. Fanya hivi:

1. Anza na matangazo ya redio. Redio yenye mawimbi mafupi inatosha. Zanzibar kwa miaka mingi imejulikana kwa wasikilizaji wa mbali kwenye 11.735 MHz, mitambo ikiwa Dole.

2. Tengeneza antena ya waya. Gawanya 75 kwa masafa ya MHz, unapata robo ya wimbi kwa mita. Kwa 11.735 ni kama mita 6.4. Waya wa umeme uliotupwa na mti wa mwembe vinatosha.

3. Ukitaka kuongea, au kumiliki kifaa cha zaidi ya hapo, nenda TCRA uulizie leseni ya redio za ridhaa. Vituo vya Tanzania hujitambulisha kwa herufi zinazoanza na 5H.

4. Ukijikuta umesikia wito wa msaada, nyamaza, andika saa na maneno yenyewe, sikiliza kama umejibiwa. Haujajibiwa? Piga 112. Usipige grupuni.

5. Weka daftari: tarehe, saa, masafa, kituo, nguvu ya sauti kuanzia 1 hadi 5, na maneno uliyosikia kwa uhakika.

Mimi nimeongeza safu ya mwisho: nimemwambia nani.

Skana niliirudisha kwa mwenyewe wiki hiyo hiyo. Yule mama nilimpigia magoti kumwomba radhi, akaniambia, "Yameshapita, mwanangu," ila binti yake mpaka naondoka hakuniitikia salamu.

Masika nilirudi Mchombe. Usiku mmoja likaingia grupu la kijiji: mto umepanda, daraja limekatika, watu wamekwenda na maji. Watu wa bonde tunajua maana yake, hatujasahau kivuko kilivyopinduka Kilombero Januari 2016. Kidole kilikuwa tayari kwenye kusambaza. Nikaandika badala yake: "Daraja lipi? Nani ameliona, saa ngapi?" Hakujibu mtu. Asubuhi tukaambiwa ni kalvati la njia ya shambani, limebeba gogo na magunia mawili ya mpunga.

Babu alikuwa ameshaamka, redio sikioni. Nikamweleza. Akasema, "Ndiyo maana nilikuwa nasubiri warudie."